Chokaa na Nili: Uchaguzi wa Rangi ya Chumba katika Nyumba za Mawe za Pwani

Mtu atengenezaye chumba siku hizi huulizwa na fundi jambo moja kabla ya mengine yote: apake rangi gani? Swali hili laonekana kuwa jepesi, na jawabu lake huachiwa matakwa ya mwenye nyumba. Walakini katika miji ya mawe ya pwani ya Afrika Mashariki swali hili ni geni kuliko linavyodhaniwa. Kwa karne nyingi aliyetaka kuutengeneza ukuta wa chumba hakusema kwamba ataupaka rangi. Alisema kwamba ataupaka chokaa. Maneno hayo mawili hayakuwa ya maana moja. Rangi ni kitu kitiwacho juu ya kitu kingine, nayo yaweza kuwa hii au ile. Chokaa ilikuwa ni sehemu ya ukuta wenyewe. Basi kabla ya kuchagua baina ya rangi mbili, watu wa pwani walikuwa na uchaguzi mwingine ulio mkubwa zaidi, yaani baina ya chokaa na rangi. Makala haya yaeleza jinsi uchaguzi huo ulivyotokea, hasa baina ya chumba cheupe na chumba cha buluu, na alama ulizoziacha katika lugha.

Yafaa kuanza na chokaa. Nyumba za mawe za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe: yale magumu yaliyochimbwa nchi kavu kwa ajili ya kuta, na yale laini yaliyotolewa baharini na kuchongwa yangali mabichi kwa ajili ya mihirabu na mapambo. Mawe ya namna hiyo hiyo ndiyo yaliyochomwa kuwa chokaa. Magogo hupangwa duara, mawe huwekwa juu yake, na tanuu huwashwa kutoka katikati. Joto lifikapo nyuzi 900 hivi za Selisiasi, jiwe hutoa gesi ya kaboni, likabaki jepesi na jeupe, lenye ukali wa kuunguza ngozi. Kisha hutiwa maji, au huachwa linyeshewe na mvua kwa miezi kadhaa, mpaka liwe laini kama samli iliyoganda. Chokaa hiyo ikipakwa ukutani huivuta tena kutoka hewani gesi ile ile iliyoitoa motoni, na kidogo kidogo hurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa matumbawe na chokaa iliyo juu yake si vitu viwili. Ni jiwe moja katika hali mbili.

Mambo mawili hufuata kutokana na jambo hilo. La kwanza ni kwamba ukuta wa namna hiyo huvuta pumzi. Maji yapandayo kutoka ardhini, au yaingiayo kutoka darini wakati wa masika, hupata njia ya kutoka kwa kupita katika chokaa na kukauka. La pili ni kwamba chokaa hudai kurudiwa. Hupukutika, huoshwa na mvua, huchafuka kwa moshi wa taa. Na kwa sababu hiyo nyumba hupakwa upya mara kwa mara, aghalabu kabla ya Idi au arusi. Kazi hiyo haikuwa ya urembo tu. Fundi apakaye chokaa huuona ukuta wote, shubiri kwa shubiri, na pale penye ufa hupaziba kabla ya kupapaka. Methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta yajulikana na kila mtu, na mara nyingi hutumiwa kwa mambo ya malezi na tabia; lakini katika mji wa matumbawe ilikuwa ni kanuni ya ujenzi kabla ya kuwa fumbo.

Weupe wa miji ya pwani wathibitishwa na wageni wa kale. Shajara ya safari ya Vasco da Gama yaeleza kwamba nyumba za Malindi katika mwaka 1498 zilikuwa ndefu, zimepakwa chokaa vizuri, tena zina madirisha mengi. Habari za Kilwa za mwaka 1505, zilizoandikwa wakati Wareno walipouteka mji huo, zasimulia nyumba imara za ghorofa zilizojengwa kwa mawe na chokaa, na kuta zake zimepigwa lipu yenye mapambo ya namna namna. Shuhuda hizo mbili zafaa kusomwa pamoja. Ya kwanza yaonyesha kwamba weupe ndio uliomgonga macho mgeni atokaye baharini. Ya pili yaonyesha kwamba mapambo ya ukuta yalitafutwa katika lipu yenyewe. Hivyo ndivyo yaonekanavyo hata leo katika magofu na katika nyumba za zamani zilizosalia: fundi alichora na kuchonga lipu, mwanga ulipopita juu yake vivuli vikaonekana, na vivuli hivyo vikawa ndiyo rangi ya pili ya chumba.

Sababu ya kupendelea weupe yaonekana wazi zaidi katika nyumba za Lamu zilizojengwa katika karne ya 18. Nyumba hizo hugeuza uso wake ndani. Mgeni huingia kwa daka, akapita tekani, ndipo afike kiwanda, neno ambalo katika Kiamu lina maana ya ua ulio wazi katikati ya nyumba. Kutoka kiwandani vyumba hufuatana, kimoja nyuma ya kingine: misana kwanza, kisha chumba kiitwacho ndani, na nyuma yake vyumba vya siri zaidi. Vyumba hivi ni virefu na vyembamba, maana upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko, ambao aghalabu hauzidi mita 3. Madirisha ya kutazama njiani ni haba sana. Nuru yote hutoka kiwandani, nayo hupungua kila inapovuka kizingiti. Ukuta mweupe safi hurudisha takribani sehemu nane katika kumi za nuru iuangukiayo. Ukuta wa buluu iliyokolea huimeza sehemu kubwa. Lau chumba cha ndani kingalipakwa rangi nzito, kingalikuwa giza mchana kutwa. Katika nyumba hiyo, basi, hapakuwa na uchaguzi wa rangi mbili. Chokaa ilikuwa taa.

Pamoja na hayo, weupe ulikuwa na maana nyingine. Nyumba ya mawe ilikuwa alama ya uungwana. Nyumba za udongo na makuti zilizoizunguka zilikuwa za rangi ya ardhi. Iliyopakwa chokaa ilitambulikana kwa mbali. Tena lugha yenyewe iliunganisha weupe na uwazi: mahali peupe ni mahali pasipofichika, na mtu mwenye moyo mweupe hana kinyongo. Si ajabu basi kwamba mwenye nyumba aliyetaka kuheshimiwa hakutafuta rangi nyingine.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba buluu haikuwamo chumbani. Ilikuwamo, lakini haikuwa ukutani. Ilikuwa katika vyombo. Ukuta wa chumba cha ndani katika nyumba za Lamu na Pate ulijengwa kwa safu za zidaka (katika Kiswahili Sanifu vidaka), na katika zidaka hizo zilipangwa sahani na bakuli, nyingi zake za kaure nyeupe yenye maua ya buluu, zilizoletwa kutoka Uchina na kwingineko kwa njia ya biashara ya bahari. Desturi ya kutia buluu ya kaure katika weupe wa chokaa ni ya zamani kuliko nyumba hizo. Makaburi yenye nguzo ya Kunduchi na Mambrui yalipambwa kwa vyombo vya Kichina vilivyokazwa katika lipu, na misikiti kadhaa ya kale ilipambwa vivyo hivyo. Kwa hiyo jozi ya weupe na buluu haikuletwa na rangi za madukani. Watu wa pwani waliijua tangu zamani kwa mpango maalumu: weupe ulikuwa wa ukuta, na buluu ilikuwa ya kile kilichowekwa juu ya ukuta. Mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha jinsi ufahari wa Pate ulivyoanguka, alitaja madaka ya sahani yaliyogeuka kuwa malazi ya makinda ya ndege. Msomaji wa zama zake hakuhitaji maelezo zaidi: chumba ambacho vyombo vyake vimeondoka kilikuwa kimepoteza rangi yake.

Mpango huo walingana kwa namna ya pekee na mpango wa lugha. Kiswahili kina mashina matatu tu ya kivumishi cha rangi yapokeayo viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa ukuta mweupe, chumba cheusi, mlango mwekundu. Rangi nyingine zote huunganishwa kwa -a, au kwa neno rangi yenyewe: ukuta wa buluu, chumba cha kijani, pazia la rangi ya manjano. Brent Berlin na Paul Kay, katika kitabu chao cha mwaka 1969 kuhusu majina ya msingi ya rangi, walikitia Kiswahili miongoni mwa lugha walizozichunguza, nao walidai kwamba lugha yenye majina matatu tu huwa na jina la weupe, la weusi na la wekundu. Kanuni yao imebishaniwa sana tangu hapo. Lakini kwa habari ya mashina ya asili ya Kiswahili yalingana na mambo yalivyo.

Majina yaliyobaki hutaja vitu. Manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, kijivu chatoka katika majivu, na kahawia katika kahawa. Rangi ya majani miti iliitwa kwa jina la majani hayo, iwe kijani au chanikiwiti. Samawati yatoka katika neno la Kiarabu la mbingu, na buluu yatoka katika Kiingereza. Neno rangi lenyewe ni la asili ya Kiajemi. Hata hivyo haifai kusema kwamba watu wasiokuwa na shina la buluu hawakuiona buluu. Waliigawanya. Buluu nzito waliihesabu katika weusi: kaniki, kitambaa kilichotiwa nili mpaka kikakolea, kiliitwa nguo nyeusi. Buluu nyepesi waliitaja kwa mbingu. Jambo la kutazamwa ni kwamba katika mashina yale matatu ni moja tu lililokuwa hali ya kawaida ya ukuta wa chumba, nalo ni -eupe. Ukuta mweusi ulikuwa ukuta wa jikoni uliopata masizi; haukupakwa, bali uliharibika.

Neno nili lina historia yake, nayo ndiyo ifunguayo mlango wa chumba cha buluu. Kwa asili ni jina la mmea na la dawa ya kutilia nguo rangi itokanayo nao. Limetoka katika Kiarabu, na kabla ya hapo katika lugha za Bara Hindi, ambako Kisanskriti nīla ni jina la rangi hiyo nzito. Hata kufikia mwaka 1828 Jean-Baptiste Guimet wa Ufaransa alipewa tuzo kwa kupata njia ya kutengeneza kwa moto ile buluu ambayo zamani ilipatikana kwa kusaga jiwe la thamani litokalo Badakhshan. Buluu hiyo mpya ilikuwa rahisi kwa bei, ikaenea ulimwenguni kwa kazi ndogo ya nyumbani, yaani kufulia nguo nyeupe. Katika pwani iliitwa nili, kwa jina la mmea ule. Neno likabaki, kitu kikabadilika.

Kazi ya nili katika kufua yafahamika vema na kila aliyevaa kanzu. Kitambaa cheupe kikizeeka huelekea manjano. Nili kidogo katika maji ya mwisho huiondoa manjano hiyo machoni, na kanzu huonekana nyeupe kuliko ilivyokuwa. Kanuni hiyo hiyo hutumika kwa chokaa. Katika Bara Hindi ni desturi inayojulikana sana kutia nili kidogo katika chokaa ya kupakia nyumba. Mpakaji hakusudii kupata buluu. Akusudia weupe mkali zaidi. Hapa ndipo lilipo jambo la kushangaza katika historia hii. Rangi mbili ambazo leo huwekwa mbele ya mwenye nyumba kama mahasimu, achague moja na kuiacha ya pili, zilikutana katika ndoo moja, na ya pili ikiwa mtumishi wa ya kwanza. Akiongeza nili kidogo zaidi chumba huwa cha samawati. Akizidisha, huwa cha buluu. Hakuna mstari unaotenganisha, ila mkono wa fundi.

Kilichobaki ni kuuliza kwa nini mkono huo ulizidisha. Sababu moja kubwa ni mabadiliko ya nyumba. Katika karne ya 19 mji wa Unguja ulikua haraka baada ya Sayyid Said bin Sultan kuhamishia huko makao yake. Waomani, Wahindi na wenyeji walijenga nyumba za ghorofa nyingi, na nyumba nyingi za namna mpya zilikuwa na madirisha marefu na baraza zilizotazama njiani au baharini. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilizungukwa na baraza pande zake. Katika chumba chenye madirisha makubwa yaelekeayo bahari, tatizo si giza tena bali mng'ao. Jua la mchana likipiga ukuta mweupe humchosha mtu macho. Hapo rangi iimezayo sehemu ya nuru, ambayo katika chumba cha ndani cha Lamu ingalikuwa hasara, ikawa raha. Kwa hiyo chumba cha buluu hakikuja kwa sababu watu waliacha kuupenda weupe. Kilikuja kwa sababu nyumba ilifunguliwa. Ni dirisha lililoleta uchaguzi.

Ni lazima kusisitiza kwamba katika hatua hiyo chumba cha buluu na chumba cheupe vilikuwa bado vya chokaa. Chokaa ni kali, nayo haikubali kila rangi. Udongo mwekundu na wa manjano huvumilia ukali wake, na buluu ya Guimet huvumilia pia. Lakini buluu ya Prussia, iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, huharibika ndani ya chokaa. Tena rangi haiwezi kuzidi takribani sehemu moja kwa kumi, kwani ikizidi chokaa hushindwa kuishika, na ukuta humwachia vumbi kila auegemeaye. Ndiyo maana rangi za chokaa ni nyepesi na hazina ukali. Fundi alichagua ndani ya mipaka iliyowekwa na ukuta.

Mipaka hiyo iliondolewa katika karne ya 20. Rangi ya mafuta, na baada yake rangi ya maji yenye asili ya plastiki, zilifika katika mikebe zikiwa tayari, za kila namna, wala hazikuhitaji tanuu. Saruji ilishika mahali pa lipu ya chokaa. Mwenye nyumba aliambiwa kwamba rangi hizi hudumu, na kwa kweli hudumu. Lakini juu ya ukuta wa matumbawe kudumu huko ni hatari. Ngozi ya plastiki au ya saruji huzuia maji yasitoke. Maji hubaki ndani pamoja na chumvi ya mawe na mchanga wa bahari. Chumvi hugeuka fuwele, ikavimba, na lipu huanguka vipande vipande. Vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani huoza mahali pasipoonekana, mpaka siku dari inapoanguka. Ukuta waweza kuwa mzuri usoni ilhali umekufa ndani. Kwa sababu hiyo wahifadhi wa Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, huhimiza kurudi kwenye chokaa.

Hata hivyo ni kosa kuelewa shauri hilo kuwa ni amri ya kurudi kwenye weupe. Historia iliyoelezwa hapa yaonyesha kwamba chumba cha samawati kilichopakwa chokaa yenye nili ni cha asili kama kile cheupe, na chumba cheupe kilichopakwa plastiki ni kigeni kuliko vyote viwili. Anayechagua baina ya nyeupe na buluu hachagui baina ya mila na upotevu wa mila. Uchaguzi wa mila umo katika swali la kwanza, lile lililotangulia: ni chokaa, au ni rangi?

Swali hilo la kwanza limo hatarini kusahaulika, na lugha yaonyesha hatari yenyewe. Zamani kupaka chokaa na kupaka rangi zilikuwa kazi mbili. Siku hizi aghalabu husemwa rangi nyeupe kwa ukuta kama isemwavyo rangi ya buluu, na chokaa huhesabiwa kuwa ni rangi moja miongoni mwa nyingi, tena ya bei rahisi. Neno lililotaja mwili wa ukuta limekuwa jina la ngozi yake tu. Pamoja nalo hufifia maneno mengine ya kazi hiyo: tanuu, daka, tekani, kiwanda kwa maana yake ya Kiamu. Wataalamu wa lugha wayakusanyao maneno hayo hawahifadhi msamiati tu. Fundi asiyekuwa na neno la kutofautisha chokaa na rangi hatakuwa na sababu ya kuzitofautisha mkononi, na ukuta utamjulisha tofauti hiyo baadaye, wakati ambapo si ufa tena wa kuzibwa, bali ukuta wa kujengwa.